Wajumbe Wapya wa Kamati ya Pole

Mwalimu Athanas alimkuta Generoza anafua. Mwaka ule, miaka miwili baada ya vita vya Uganda, sabuni ilikuwa imeadimika, na duka la kijiji halikuwa limeiona tangu Pasaka. Kwa hiyo Generoza alikuwa amechuma majani ya mpapai, akayaponda, na sasa alikuwa akilisugua gauni lake la kanisani kwa povu la kijani ambalo kwa kweli halikuwa povu. Alipomwona mgeni akisukuma baiskeli kuingia uani aliinuka haraka, akajifuta mikono kwenye kanga, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kamili. Mzee yupo?"

"Yupo nyuma, anachonga mpini."

"Mwite. Jambo ni lako, lakini sitaki yeye alisikie barabarani."

Telesphori alikuja na mkono wa kulia mfukoni. Ndivyo alivyozoea mbele ya watu. Vidole vitatu vya mkono ule vilikuwa havikunji tena tangu siku majambazi walipovamia boma lao, wakamkata panga na kuswaga ng'ombe kumi na mmoja. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Alikuwa amejifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto, na mipini yake ilitoka imepinda kidogo, ila majirani waliichukua bila kusema neno.

Mwalimu aliyestaafu alikaa kwenye kigoda, akakubali kikombe cha maji, akakohoa kikohozi cha darasani.

"Kamati yetu imepungukiwa wajumbe wawili," alisema. "Mmoja amerudi kwao Bukoba, mwingine Mungu amempenda zaidi. Tumemchukua Masele, yule mpima pamba. Wa pili tumesema awe Mama Kamili."

Generoza alicheka, akidhani anataniwa. Mwalimu hakucheka.

Kamati hiyo ilikuwa na jina refu kwenye daftari la parokia: Kamati ya Msaada kwa Waliovamiwa na Waliodhulumiwa. Hapo Ushirombo hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulimaliza. Watu waliiita Kamati ya Pole, maana wezi wakishaondoka na mifugo, au mtu akishakatwa mapanga, wajumbe wake ndio waliokuwa wa kwanza kufika na kusema pole. Baada ya pole walimpeleka mtu hospitali kwa Landrova ya misheni, wakamsindikiza mahakamani, wakamlimia shamba mpaka apate nguvu.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kusaidiwa," Generoza alisema. "Wa kusaidia ni ninyi mnaojua kusoma barua."

"Mwaka wa sita sasa tunakaa mle ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvunjiwa mlango. Tunatoa pole kama watu wanaosoma barua ya jirani. Nimechoka." Akainuka, akashika usukani wa baiskeli yake. "Jumatano, baada ya misa. Usije na chochote. Njoo na akili yako tu."

Baiskeli ilipotokomea, mume na mke walibaki wanatazamana.

"Basi," alisema Telesphori, "kumbe nilioa kamati, sijijui."

Generoza alimrushia jani la mpapai, likamganda shavuni. Wakacheka wote wawili. Kisha Telesphori akalibandua lile jani, akalikunja polepole kwa vidole vyake vizima.

"Watakuuliza yale yetu?"

"Wataniulizaje? Si wanayajua?"

"Ndiyo maana nauliza."

Generoza alielewa. Kamati ile iliwasaidia, hakuna ubishi. Bila Sista Serafina wa zahanati, Telesphori angeukosa mkono mzima, si vidole vitatu. Lakini msaada nao una miiba yake. Alikumbuka jinsi mumewe, mkono umefungwa bendeji, alivyosimama mbele ya katekista Bartholomeo akiulizwa kama mtoto wa darasa la pili: mlango mlifunga? Mna ugomvi na mtu? Mbwa hamna? Kana kwamba kosa lilikuwa kuwa na ng'ombe. Alikumbuka pia lile gunia la unga wa njano walilopewa, wakalibeba kupita katikati ya senta, siku ya mnada, na watu wakakaa kimya mpaka wapite. Telesphori aliula ugali ule. Ila kwa mwezi mzima aliulia nje, ameipa nyumba mgongo.

*

Siku ya Jumanne, Telesphori aliviomba viatu vya mkewe. Vilikuwa vya plastiki, vyeusi, na cha kushoto kilikuwa kimechanika ubavuni mpaka kidole kidogo kikatoka kuangalia dunia.

"Mjumbe haendi na kidole nje," alisema.

Alichoma kisu kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakibana kiatu kwa magoti, akaiyeyusha ile plastiki pande mbili na kuibana. Harufu yake ilijaa jikoni. Alikosea mara mbili, akaungua kidole, akatukana kwa Kisukuma ingawa yeye alikuwa Msumbwa, maana Kisukuma, alisema, kina matusi yanayopoza maumivu. Alipomaliza, kiatu kilikuwa na kovu nene kama mshono wa hospitali.

"Kizuri," alisema Generoza.

"Ni kibaya, lakini kitafika."

Jumatano asubuhi alimsindikiza mpaka penye njia panda, asiendelee. "Ukiona wanaongea Kiswahili kigumu," alimwambia, "wewe nyamaza na utikise kichwa. Wenzako wote watafikiri umeelewa kuliko wao."

Kamati ilikutana katika chumba cha mafundisho nyuma ya kanisa. Nje ukutani palikuwa na benchi la waliokuja na shida. Generoza alifika, akaketi pale, akaweka mikono mapajani. Alikaa muda mrefu hivyo, mpaka Sista Serafina alipotoka kumwaga maji.

"Mama Kamili! Unafanya nini hapo? Sisi tuko ndani."

"Miguu imenileta yenyewe, Sista," alisema Generoza, akaona haya, akaingia.

Masele alikuwa amekwisha kuketi karibu na dirisha, suruali imenyooshwa kwa pasi, kalamu mfukoni. Naye alikuwa mgeni wa kamati kama yeye, ila alikuwa amekuja na daftari jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika tarehe na kupiga mstari chini yake kwa rula. Generoza alipouona ule mstari akamwonea huruma ghafla. Kumbe naye alikuwa anaogopa.

Wakasali. Bartholomeo, aliyekuwa katibu, akafungua kitabu, akasoma bila kuinua macho.

"Shauri la kwanza. Mbuke binti Nkwabi, mjane, wa ng'ambo ya mto. Nyumba imechomwa moto."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua Mbuke ni nani. Alikuwa mama yake Maduhu. Na Maduhu ndiye aliyeshika panga siku ile bomani kwao. Alikamatwa mwezi mmoja baadaye machimboni Geita akiuza dume la mwisho kwa wachimbaji, akafungwa miaka kumi.

"Nilitaka ujue kabla hajaingia," Mwalimu Athanas alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilipaswa kukwambia kwako. Nilishindwa."

"Ulishindwa," alisema Generoza.

Mbuke aliingia ameshika fimbo. Alikuwa bibi mdogo, mkavu, na upindo wa nguo yake ulikuwa umeungua. Wote walimwamkia, shikamoo, shikamoo, naye akaitikia mmoja mmoja. Shikamoo ya Generoza ilikwama kooni. Bibi alisubiri kidogo, akaona haiji, akakaa.

Habari zenyewe zilikuwa fupi. Wiki iliyopita mbuzi wa watu waliibwa. Maneno yakazuka mnadani kwamba Maduhu ametoroka jela na mama yake anamficha. Vijana wakaenda mchana kweupe, wengine bado wameshika nyama ya mnada, wakaizunguka nyumba na kuichoma. Maduhu hakuwamo, kwa sababu alikuwa jela. Alikuwamo bibi kizee, na mtungi wake, na debe la mtama.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" aliuliza Bartholomeo, kama alivyozoea. "Una ugomvi na mtu?"

"Nina ugomvi na kijiji kizima, baba. Kosa langu ni kuzaa."

Masele alijikuna shingo. "Bibi, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Nililea sita," alijibu Mbuke. Hakukasirika. "Watano wanalima."

Kisha Generoza akasikia sauti inauliza, na ilikuwa yake, lakini kavu kama ya katekista.

"Ng'ombe wetu walipita kwako?"

"Mama Kamili," alisema Mwalimu, "hilo mahakama ilishalimaliza."

"Mahakama haikumuuliza huyu. Aniambie mimi."

Mbuke alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, ya moshi au ya kulia, au ya miaka mingi ya kupikia kuni mbichi. Macho ambayo katika nchi ile yalitosha kumfanya kikongwe aitwe mchawi.

"Walilala," alisema. "Usiku mmoja. Asubuhi wakawaswaga kwenda Geita."

"Na hukupiga mwano?"

Mwano ni ukelele wa kuita watu. Ukipigwa, kila mwenye miguu hutoka na silaha yake.

"Nilifungua mdomo. Sauti ikakataa. Ni wangu yule, mayu." Alimwita mama, kwa Kisukuma, akaipapasa fimbo. "Kulikuwa na mmoja mwekundu, pembe imepinda. Alikuwa amejaa maziwa, analia. Wao hawakumjali. Nikamkamua."

Generoza alimfahamu ng'ombe yule. Aliwahi kumlisha kwa mkono alipokuwa ndama.

"Maziwa ukayafanya nini?"

"Nilikunywa. Nilikuwa na njaa."

Sista Serafina aliinama. Masele akafunga daftari lake.

"Basi mimi naona hivi," alisema, akitafuta maneno. "Kumsaidia huyu bibi, watu watasema kamati inalea wezi. Kumwacha nako ni dhambi. Lakini aliyeumizwa na kijana wake tunaye hapa hapa. Aseme yeye. Mama Kamili akikubali, nani atapinga? Na akikataa, nani atamlaumu?"

Bartholomeo alitikisa kichwa kukubali, tena kwa haraka. Generoza akaona kwa nini. Aliinuka.

"Mnataka nilibebe mimi," alisema, "ili mikono yenu ibaki mitupu."

Akatoka. Nyuma yake alimsikia Mwalimu akisema shauri limeahirishwa mpaka Ijumaa.

*

Telesphori alirudi alasiri kutoka kutayarisha shamba la karanga, akamkuta anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Alikuwa anavikata vinene, vinavyokonda upande mmoja. Viazi vya mtu mwenye hasira. Akakaa mbele yake bila kuuliza. Generoza akamweleza yote, tangu benchi mpaka maziwa. Alipofika kwenye ng'ombe mwenye pembe iliyopinda mumewe alikwenda kusimama penye boma, ambalo sasa lilikuwa na mbuzi wawili tu, akakaa huko mpaka jua likazama.

Asubuhi, Generoza akichochea uji, alisikia nyuma yake:

"Alimkamua."

"Ndiyo."

"Angemwacha, kiwele kingevimba. Angekufa njiani." Telesphori alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. "Wale wahuni hawakujua hata hilo. Wachungaji gani!"

"Unamtetea?"

"Simtetei!" Uji ulimwagika. "Angepiga mwano ningekuwa na ng'ombe wangu! Kijiji kizima kingetoka. Unafikiri silijui hilo? Nimelala nalo usiku kucha, mimi na lenyewe, kitanda kimoja."

"Nami nilikuwepo kitandani."

"Wewe ulikuwa unakoroma."

Generoza hakuwa amekoroma, hakulala hata kidogo, na mumewe alilijua hilo. Akakaa chini karibu naye.

"Nitajitoa," alisema. "Nitamwambia Mwalimu atafute mwingine. Nikisema asaidiwe, nimekusaliti wewe. Nikisema asisaidiwe, nitakuwa kama wale waliosimama senta wakatuangalia na gunia letu. Mimi sijui kukaa kwenye viti vya namna hiyo."

Telesphori alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na watu wengi walikosea wakadhani hafikiri.

"Usijitoe kwa ajili ya mkono wangu," alisema mwishowe. "Mkono ni wangu. Sijaupeleka kwenye kamati yoyote uwe mjumbe." Akaweka kikombe chini. "Vaa viatu vyako. Twende."

"Wapi?"

"Tukaione hiyo nyumba. Watu mnakaa ndani kubishana habari ya nyumba ambayo hakuna aliyekwenda kuiangalia."

Walivuka mto penye mawe, maji yalikuwa machache. Mbuke walimkuta ameinama ndani ya kuta nyeusi, akichekecha majivu kwa ungo. Alikuwa anatafuta jembe lake. Mpini umeungua, lakini chuma hakiungui. Usiku alikuwa analala ndani ya kihenge cha jirani, amejikunja kama kuku. Alipowaona aliachia ungo. Mbuke hakumjua mwanamume yule, ila alipoona mkono uko mfukoni akamjua.

Akaanza kupiga magoti. Telesphori akamzuia kwa sauti.

"Usipige magoti, bibi. Majivu bado yana moto. Sikiliza. Mimi sikuja kukusamehe. Hilo bado, tena sijui litakuja lini. Nimekuja kuangalia nyumba imeungua kiasi gani, kwa sababu mke wangu ni mjumbe."

"Haya, baba," alisema Mbuke, akabaki amesimama.

Telesphori akaanza kuzunguka kuta. Aliugonga udongo kwa ngumi ya kushoto, akasikiliza. Alihesabu hatua, midomo ikichezacheza. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, maana alihitaji kuonyesha, na kwa vidole vile visivyokunja akawa anaelekeza: ukuta huu unafaa, huu utaanguka, hapa nguzo, hapa mtambaapanya wa kubeba paa.

"Miti ishirini," alisema. "Nyasi mizigo kumi na minne. Kamba za mkonge."

Bibi alikuwa anautazama mkono. Aliutazama waziwazi, bila kugeuza uso pembeni kama walivyofanya watu wote kwa miaka mitatu.

"Unauma?" aliuliza.

"Siku za baridi."

"Nitakuonyesha mzizi wa kuchua."

"Sitaki mzizi wako," alisema Telesphori.

"Haya."

Generoza, aliyekuwa amesimama pale palipokuwa na mlango, alivuta pumzi. Lile jambo dogo lililokuwa limemkaba tangu Jumatano sasa lilitoka bila kulazimishwa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mbuke, akafuta uso, majivu yakamkaa usoni pote.

*

Ijumaa Generoza hakusubiri katibu afungue kitabu.

"Nina maneno yangu," alisema, "na Kiswahili changu mnakijua, kwa hiyo mnivumilie. Huyu bibi amechomewa nyumba. Aliyechoma nyumba ya mtu ametenda uhalifu. Hayo ndiyo yaliyotukutanisha humu, na hayo hayahitaji ruhusa yangu. Kama siku ile ningekataa, nyumba yake ingekuwa haijaungua?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"La ng'ombe ni langu na mume wangu na yeye. Tutaliongea sisi miaka yote tuliyobakiza. Msilitie kwenye daftari."

"Lakini watu, Mama Kamili," alianza Masele. "Mimi nakaa pale kwenye mizani, nasikia wanavyosema. Wanasema mwenye kumhurumia mama wa mwizi anamhurumia mwizi."

"Bwana Masele, watu hao hao walisema mume wangu aliwauza ng'ombe wake mwenyewe akajikata ili apate unga wa misheni. Hukusikia hilo mizani pale?"

Masele aliona aibu, maana alikuwa amelisikia. Huenda hata alilicheka.

"Nina jingine," Generoza aliendelea, na hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Alimgeukia katekista, mtu aliyewabatiza watoto wake wawili siku padri alipokuwa mbali. "Baba Bartholomeo, yale maswali yako. Mlango ulifungwa, una ugomvi na nani, mbwa yuko wapi. Mume wangu alikuwa na damu kwenye shati. Aliporudi nyumbani aliniuliza: kwani mimi ndiye niliyeiba? Nami juzi nilimuuliza bibi kwa sauti yako. Nilijisikia kwa masikio yangu. Kabla ya kumuuliza kama amekula, nilimuuliza habari ya ng'ombe."

Bartholomeo alifunga kitabu. Alikuwa mtu mnyoofu, na maskini, asiyewahi kumtakia mtu ubaya. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Ni maswali ya polisi," alisema taratibu. "Niliyanakili kwao. Nilifikiri ndivyo inavyotakiwa kuandikwa."

"Andika, lakini yaje mwisho."

"Haya, mama. Yaje mwisho."

"Na chakula kipelekwe nyumbani kwa mtu. Asibebeshwe gunia senta."

"Hili," alisema Sista Serafina, "nimelisema moyoni miaka minne. Sijui kwa nini halikuwahi kufika mdomoni."

Mwalimu Athanas alikuwa anatazama dirishani, na kama alikuwa anatabasamu alijitahidi lisionekane. Aliuliza kama kuna anayepinga. Masele alizungusha kalamu yake mara mbili tatu.

"Mimi sipingi," alisema. "Ila nataka iandikwe kwamba niliogopa."

"Hatuandiki mambo hayo," alisema Bartholomeo.

"Basi isiandikwe. Nyasi zinakatwa wapi?"

*

Siku ya kujenga walifika watu wachache. Vijana wa senta walipita mbali wakijifanya wana safari. Lakini wajumbe wote watano walikuwepo, na Sista alikuwa amepandisha mikono ya kanzu yake, na wanawake wawili wa jumuiya walileta maji. Kufika saa nne wakaja pia wazee watatu wa ng'ambo ya mto, bila salamu ndefu, wakashika majembe na kuanza kukanyaga udongo. Mmoja wao, ilijulikana baadaye, mjukuu wake alikuwa kwenye kundi lililochoma. Hakusema hilo, wala hakuna aliyemuuliza.

Telesphori hakuwa mjumbe, lakini alikuja, akajifanya fundi mkuu hata kabla ya kuombwa. Alipanda juu ya kenchi. Kamba alizifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Masele, suruali yake ya pasi imejaa udongo, alimrushia matita ya nyasi kutoka chini, akimlenga vibaya.

"Wewe mpima pamba! Unarusha kama unampa ng'ombe!"

"Nimezoea kupima tu, mzee, sijazoea kurusha!"

Mbuke alizunguka katikati yao na kata ya maji. Alimpa kila mtu, akaenda, akarudi. Alipofika chini ya kenchi aliinua kata juu. Telesphori akaiangalia. Watu waliokuwa karibu wakaacha kidogo walichokuwa wanafanya, kama watu wanavyoacha. Telesphori akainama, akapokea, akanywa yote, akairudisha.

"Asante," alisema, kama mtu anavyomwambia mtu yeyote.

Saa tisa kazi ilikwisha. Generoza na mumewe walirudi kwao wakiwa wamechoka, mavumbi mpaka kwenye kope, wakipita njia ya senta kwa kuwa ndiyo fupi. Telesphori alikuwa ametangulia hatua mbili, mikono yote miwili inaning'inia wazi. Wanaume waliokaa nje ya duka wakamwangalia. Mmoja akamwita.

"Telesphori! Ni kweli umemjengea mama wa yule aliyekukata?"

Telesphori hakupunguza mwendo.

"Nilimsindikiza mke wangu kazini," alijibu.

Walipofika mbali, akamngoja mkewe amfikie.

"Sijamsamehe," alisema.

"Najua."

"Nikimwona napandwa na hasira. Leo hii hii, pale juu, nilikuwa nafunga kamba na hasira iko hapa." Akagusa koo. "Nilifikiri nikifanya kazi itashuka. Haikushuka."

"Mimi pia," alisema Generoza. "Namwona, halafu naona yale maziwa."

Wakatembea. Upande wa Geita mawingu yalikuwa yanakusanyika, meusi, mazito, mvua ya kwanza ya kupandia. Telesphori aliyatazama kwa jicho la mkulima, kisha akageuka akatazama nyuma, ng'ambo ya mto, mahali ambapo paa jipya lilionekana la rangi ya dhahabu katikati ya vichaka.

"Lakini ile nyumba," alisema, "haitavuja."